Kishona nguo kwenye karatasi ya pamba

Ua la buluu la ule mmea unaotambaa kando ya mitaro, ambao wanasayansi huuita Commelina benghalensis, hufunguka asubuhi, na ikifika adhuhuri limekwisha. Halikauki likabaki na umbo kama waridi. Petali zake hujikunja, zikalainika, zikawa ute. Kwa hiyo anayetaka kuuchora mmea huu huanza na ua, na huanza mapema, rangi zake zikiwa zimechanganywa na kujaribiwa tangu jana yake kwa kutumia ua la jana. Majani yatangoja hadi alasiri, shina litangoja hadi kesho. Wengi huchora kwa mpangilio wa kitabu cha shule, yaani mzizi, shina, jani, kisha ua. Wakilifikia ua, wanakuta ute.

Mmea huu hakuna aliyeupanda. Huota wenyewe penye maji yaliyomwagwa, nasi tunaupalilia bila kuuangalia. Neno gugu halitaji aina ya mmea, ni uamuzi wa mwenye jembe. Mgagani ukiota katikati ya mahindi ni gugu, ukiota kwenye tuta la mboga ni kitoweo, na mnavu vivyo hivyo. Sanaa ya kuchora mimea kwa usahihi wa kisayansi nayo imefuata uamuzi huo kwa karne nyingi: imependelea waridi, tulipu na okidi, mimea yenye mwenyewe na yenye bei. Hata hivyo, moja ya kazi zinazoheshimiwa kuliko zote katika sanaa hii ni kipande cha majani ya kawaida tu. Mwaka 1503 mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer wa Nürnberg alichora kwa rangi za maji bonge la ardhi lenye nyasi na magugu yanayokanyagwa na kila mpita njia, akiyatazama kutoka chini, kwenye usawa wa udongo. Picha hiyo ipo katika jumba la makumbusho la Albertina, Vienna, na unaweza kutaja kila mmea uliomo.

Kwa anayejifunza, gugu ni mwalimu bora kuliko waridi. Lipo mlangoni, halina gharama, na unaweza kuling'oa na mizizi yake yote bila kumkosea mtu. Ukikosa jani zima kwenye mche mmoja, kuna mingine mia pembeni. Unaweza kupasua ua, ukaliharibu, ukachuma lingine. Tena majina yake mengi katika Kiswahili ni vitendo. Kishona nguo hushona. Kifauongo hufa, kisha hufufuka. Jina la namna hiyo ni nusu ya uchunguzi, na picha inapaswa kulijibu. Mchoro wa kishona nguo usioonyesha kinavyoshona ni mchoro wa ua jeupe tu.

Kwanza vifaa, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Karatasi iwe ya pamba asilimia 100, uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, na uso laini uliobanwa kwa joto. Karatasi yenye vinyweleo na mabonde, inayopendwa na wachoraji wa mandhari, haifai: mstari wa nusu milimita hukatikakatika juu yake. Kwenye miji ya pwani adui mkubwa ni unyevu wa hewa. Karatasi ya rangi za maji hupakwa gundi maalumu kiwandani ili isifyonze maji haraka, na unyevu wa muda mrefu huidhoofisha gundi hiyo sehemu sehemu. Utaijua karatasi iliyoharibika kwa tone la maji. Kwenye karatasi nzima tone hukaa juu kwanza, kwenye iliyooza huzama papo hapo na kuacha doa la kijivu. Jaribu pembe zote nne kabla ya kuanza, kwa sababu doa hilo likijitokeza katikati ya jani halitengenezeki. Hifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Unapofanya kazi, weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja. Jasho na mafuta ya mkono huzuia rangi kushika.

Brashi tatu zinatosha: namba 4 kwa kutandaza rangi, namba 2 kwa kazi nyingi, namba 0 kwa nywele na meno ya majani. Ubora wake uangalie kwenye ncha, na idadi ya brashi isikusumbue. Brashi namba 4 iliyolowa, ukiipiga mkupuo mmoja, inapaswa kurudi kwenye ncha kali kama ya sindano. Kwa rangi, usifuate majina ya kuvutia yaliyoandikwa kwenye tyubu, maana kila kampuni ina yake. Soma msimbo mdogo wa pigimenti, yaani ule unga unaoipa rangi rangi yake. Tyubu sita zinachora karibu kila gugu la Afrika Mashariki: PB29 (buluu yenye wekundu kidogo), PB28 (buluu safi ya kobalti), PB15:3 (buluu kali ya kijanikijani), PY154 (njano), PV19 ya waridi, na PBr7, ile hudhurungi ya udongo uliochomwa. Epuka PR83, nyekundu ya zamani inayouzwa bado. Ni nzuri, lakini mwanga huififisha. Rangi nyeusi iache dukani.

Ongeza penseli ya HB, kifutio laini cha kukanda kwa vidole, rula yenye milimita, lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, na bikari yenye ncha mbili za chuma. Bikari ndiyo itakayokuokoa kuliko kifaa kingine chochote.

Sasa mwanga. Vitabu vya Ulaya husema ukae karibu na dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua halipiti upande huo. Ukiufuata ushauri huo Nairobi au Dar es Salaam mwezi wa Juni, jua litaingia hadi kwenye meza yako na vivuli vitahama kila nusu saa. Huku kwetu dirisha hubadilika na majira: kuanzia Aprili hadi Agosti kaa karibu na la kusini, kuanzia Novemba hadi Januari hamia la kaskazini. Mwanga uangukie mmea kutoka juu kushoto, kama ilivyo desturi ya sanaa hii, na kama unatumia mkono wa kushoto geuza uwe wa kulia ili kivuli cha mkono kisikufuate. Feni izimwe au igeuzwe ukutani. Upepo wake hukausha mmea haraka, tena huutikisa kiasi kwamba huwezi kupima kitu.

Kishona nguo, Bidens pilosa, kilitoka maeneo ya joto ya Amerika na sasa kipo kila shamba. Kitafute wiki chache baada ya mvua za masika au vuli kushika, wakati mche mmoja unabeba machipukizi, maua yaliyofunguka, na mbegu zilizoiva kwa pamoja. Usikikate. Chimba na bonge la udongo, kipande kwenye kopo, kimwagilie, na ukiache kivulini usiku mmoja ili majani yasimame. Ukilazimika kukata, kata asubuhi na mapema, tumbukiza shina ndani ya maji, kisha likate tena mshazari likiwa ndani ya majimaji hayo ili hewa isizibe mirija.

Kabla hujagusa karatasi nzuri, soma mmea kwa vidole na lenzi. Shina lina pembe nne na mifereji, si duara. Lizungushe kati ya vidole utahisi. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na jozi inayofuata huyapita kwa pembe mraba. Kila jani limegawanyika kwa kawaida kuwa vijani vitatu au vitano vyenye meno, na cha mwisho, cha katikati, ndicho kikubwa. Kile tunachokiita ua ni kichwa chenye vijiua vingi: katikati vijiua vya njano, kila kimoja kikiwa na ncha tano, na pembeni vichache vyeupe, mara nyingi vitano. Vipo vishona nguo visivyo na vyeupe kabisa, wala si vigonjwa. Vijiua vya njano hufunguka kuanzia nje kuelekea katikati, kwa hiyo katika kichwa kimoja utakuta pete ya nje iliyofunguka na kitovu cha vichipukizi vilivyofumba. Anayepiga madoa ya njano yanayofanana kote ameshakosea, hata kama rangi ni sahihi.

Chora kwanza kwenye karatasi ya bei nafuu, kwa ukubwa halisi. Kaa ili usawa wa jicho lako ufike katikati ya mmea, na usihame. Weka alama sakafuni palipo kiti. Chora mhimili wa shina kwa mstari mwepesi, kisha pima kwa bikari umbali kati ya fundo na fundo na uuhamishe kama ulivyo. Jani linalokuja usoni kwako ndilo linaloshinda watu wengi, kwa sababu akili inajua jani ni refu wakati jicho linaliona fupi. Amini bikari. Na kila jani lianze na mshipa wake wa kati. Panapojikunja, endeleza mshipa huo kwa mstari hafifu hata mahali usipouona, uone kama unatokea upande wa pili palipo sahihi. Usipotokea sahihi, jani litaonekana limevunjika, na hakuna rangi itakayoliponya. Mchoro ukiridhisha, ubandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi ya pamba juu yake, na ufuatishe kwa HB bila kukandamiza. Mkandamizo huacha mfereji ambao rangi itaujaza baadaye. Kabla ya kupaka, gusagusa mistari kwa kifutio cha kukanda mpaka ibaki ya kuonekana kwa shida.

Kijani ndicho kinachofichua mgeni. Kijani cha tyubu huwa kikali mno, majani yakaonekana ya plastiki. Changanya PY154 na PB29 upate kijani tulivu, kisha tone dogo sana la PV19 kukipunguzia ukali. PB15:3 iongeze kwa ncha ya brashi tu pale penye ubaridi, maana ina nguvu ya kumeza mchanganyiko wote. Paka mchanganyiko kwenye ukanda wa karatasi, uache ukauke, uukate, uuweke juu ya jani lenyewe. Rangi za maji hupauka zikikauka, kwa hiyo hukumu ya rangi mbichi haina maana. Tabaka la kwanza liwe buluu nyepesi mno yenye maji mengi, pale jani linapong'aa, kwa kuwa mng'ao ule ni anga inayoakisiwa. Juu yake tandaza kijani chepesi ukiuacha mng'ao, kisha jenga kwa brashi karibu kavu, mikupuo midogo ikifuata mwelekeo wa mishipa. Tabaka sita nyembamba ni bora kuliko mbili nzito. Kila moja ikauke kabisa kabla ya nyingine. Msimu wa masika kukauka kunachelewa, na macho hayatoshi kukuambia: gusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ikiwa ya baridi, bado ina maji ndani. Ukipaka juu ya unyevu huo, maji mapya husukuma rangi ya chini na kuacha doa lenye kingo zilizochanika kama koliflawa.

Vijiua vyeupe juu ya karatasi nyeupe havichorwi, vinaachwa. Panga mche ili angalau viwili viwe na jani nyuma yake, kijani kivichongee ukingo. Vile vilivyo kwenye nafasi tupu vipe kijivu cha maji mengi, PB29 pamoja na PV19 na njano kidogo, na kiwe pale kijiua kinapoanzia na kwenye mikunjo pekee. Kijivu kikizunguka ukingo wote, ua jeupe limekuwa kigae. Kwenye njano ya katikati usitafute kivuli kwa nyeusi, kwani nyeusi na njano huzaa kijani. Kivuli cha njano kitoke kwenye njano yenyewe ikiongezwa waridi na chembe ya buluu.

Kisha mbegu, na hapa usiharakishe. Kichwa kilichoiva hufunguka kuwa tufe la mishale myeusi iliyoelekea kila upande. Za pembeni ni fupi, za katikati ndefu zaidi, kati ya milimita 4 na 13. Kila mbegu ni kijiti cheusi chenye pembe nne, na kichwani ina miiba miwili au mitatu ya milimita mbili hadi nne. Chini ya lenzi miiba hiyo ina vinywele vigumu vilivyoelekea nyuma, kuelekea mbegu, kama jino la ndoana. Ndiyo sababu huingia kwenye kanga kwa urahisi na kukataa kutoka. Mchoraji akivielekeza mbele, mbegu aliyoichora haishiki hata uzi. Chora mbegu moja pembeni kwa ukubwa wa mara 10, ili ya milimita 11 iwe ya sentimita 11, na vinywele vyote vihesabike. Weusi wake tengeneza kwa PB29 na PBr7 nzitonzito, na uache mstari mwembamba usiopakwa kwenye pembe iliyo upande wa mwanga. Mstari huo ndio utakaosema kijiti kina pembe. Chuma vichwa vilivyoiva vitatu, kimoja usikiguse kabisa, kwani hewa kavu ya mchana huvifumua.

Tukirudi kwenye lile ua la asubuhi, makosa yake ni ya kuhesabu. Lina petali tatu, na watu huzichora sawa. Mbili za juu ni kubwa na za buluu, zimesimama juu ya kikonyo chembamba. Ya tatu, chini, ni ndogo na imepauka. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alizitumia kueleza jina Commelina alilotoa: petali mbili kubwa kwa wataalamu wawili wa mimea wa familia ya Commelin ya Uholanzi, na ile ndogo kwa wa tatu, aliyefariki kabla ya kutimiza lolote katika elimu hiyo. Buluu yake ni PB28 na tone la PV19. Usisahau nywele nyekundu za kahawia kwenye ala ya jani, ile sehemu inayolikumbatia shina, maana hizo husaidia kuutenganisha mmea huu na ndugu zake, wala usisahau kuchimba: mmea huu huzaa pia maua madogo yaliyofumba chini ya ardhi, meupe, yanayojichavusha humo humo. Picha iliyoishia juu ya udongo imeacha nusu ya habari.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa ndago pia, na zaidi. Kila mkulima anajua kwamba jembe hukata majani na ndago hurudi. Sababu iko chini: viazi vidogo vya sentimita moja hadi mbili na nusu, vilivyoungana kwa nyuzi ngumu kama waya, mnyororo baada ya mnyororo. Ukivuta, waya hukatika ukabaki na majani mkononi. Chimba pembeni, fika kina cha sentimita 20 au 30, loweka bonge zima kwenye ndoo, uache udongo ujiachie wenyewe, kisha malizia kwa mswaki laini. Theluthi mbili ya karatasi wape viazi na nyuzi, wala usichore udongo. Nyuzi changa ni nyeupe, nzee ni za kahawia, na tofauti hiyo ionekane. Juu, shina lina pembe tatu. Lipake kama nyuso mbili bapa zinazokutana kwenye ukingo mkali, moja kwenye mwanga na nyingine kivulini, na katu usilainishe mpaka wake.

Kifauongo, Mimosa pudica, kinahitaji michoro miwili ya tawi moja: hai na lililokufa uongo. Kiweke mezani siku moja kabla. Pima kwa kushika bikari hewani mbele ya jani, bila kuligusa. Likishafumba utasubiri dakika kadhaa, kumi au zaidi, na kila ukiligusa unaanza upya. Zingatia kwamba vijani hufunga kuelekea mbele kwa jozi, na kikonyo kizima nacho huanguka kwenye kifundo chake. Ukichora vijani vimefumba huku kikonyo kimesimama, umechora mmea ambao haupo. Jioni hufumba chenyewe, kwa hiyo taa ya mezani haitakusaidia kuendelea na lile lililo hai.

Onyo moja la lazima. Kuna wachoraji wanaonoa ncha ya brashi kwa midomo. Iacheni tabia hiyo, hasa penye mnanaha (Datura), ambao sehemu zake zote zina sumu na utomvu wake ukiingia jichoni hutanua mboni. Osha mikono kabla ya kugusa uso au chakula, na mnanaha usiuache mezani penye watoto.

Picha ya simu chukua, kwa ajili ya kukumbuka mpangilio tu. Lenzi ya simu iliyo karibu hunenepesha kilicho mbele, na kijani chake si cha kuaminika. Ukanda wako wa majaribio ya rangi, ulioandikwa mchanganyiko kwa penseli, una thamani kubwa zaidi.

Picha ikikamilika iandikwe: jina la kisayansi kwa herufi za mlalo, jina la Kiswahili au la lugha ya mahali pamoja na mahali lilipotajwa, tarehe, na eneo mmea ulipotoka. Jina la mahali mwulize anayepalilia hapo, usilitoe kwenye mtandao, kwani gugu moja hubadilisha jina kutoka wilaya hadi wilaya. Ukubwa uonyeshe kwa mstari wa kipimo wenye sentimita zake. Maneno kama "mara 10" huwa uongo picha ikichapishwa ndogo. Na uubane mmea wenyewe ndani ya magazeti chini ya vitabu vizito, ukibadilisha magazeti kila siku mpaka ukauke, upate namba moja na picha. Herbaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzia Amani, Tanzania ya leo, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950, imejengwa kwa mimea iliyobanwa namna hiyo hiyo, mingi yake ikiwa ya kando ya njia. Mbegu zilizoiva ziweke kwenye bahasha ndogo, ikunjwe mara mbili na kubanwa kwa klipu. Kishona nguo kikipata mwanya kitashika kitambaa hata ndani ya droo.